Kuichora Njia Aliyopitishwa Mtoto: Mwongozo Kamili wa Kuchambua Mitandao ya Usafirishaji Haramu wa Watoto Ukanda wa Ziwa Victoria

Mtoto anapotolewa katika kambi ya dagaa kisiwani, au katika nyumba ya mjini alikokuwa akilea watoto wa watu hali yeye mwenyewe bado mtoto, swali la kwanza analoulizwa karibu siku zote ni hili: nani alikuleta? Mtoto hutaja jina moja. Jalada hufunguliwa kwa jina hilo, na mara nyingi ni jina la mtu wa mwisho kumshika mkono, ambaye naye alikabidhiwa mtoto na mwingine, na huyo mwingine alikabidhiwa na mwingine tena huko kijijini. Mtu wa mwisho akikamatwa, njia hubaki palepale. Baada ya miezi michache watoto wengine huteremka stendi ileile, hulala chumba kilekile na kupanda mtumbwi uleule, isipokuwa anayewapokea mwaloni, yaani mahali mitumbwi inapotia nanga ufukweni, ni mtu mpya.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuichora njia hiyo nzima na kuisoma. Umeandikwa kwa ajili ya maofisa ustawi wa jamii, wajumbe wa kamati za ulinzi wa wanawake na watoto za kata na vijiji, watumishi wa mashirika yanayowapokea watoto, pamoja na vijana wenye ujuzi wa takwimu wanaotaka kuutumia kwa jambo lenye uzito. Hesabu zinazohitajika ni za kujumlisha na kuzidisha. Kinachohitajika zaidi ni uvumilivu na usiri.

Kwanza, maana ya maneno

Kwa mazungumzo ya kila siku, "mitandao ya kijamii" ni WhatsApp, Facebook na TikTok. Ninachozungumzia hapa ni kipana zaidi: ni mtandao wa mahusiano baina ya watu, yaani nani anamjua nani, nani amemtumia nani fedha, nani amemkabidhi nani mtoto. Katika mchoro, kila mtu au mahali huwa nukta, na kila uhusiano huwa mstari unaounganisha nukta mbili, ambao hapa nitauita kiungo.

Fani hii katika miaka yake ya mwanzo ilishughulika na watoto waliotoroka. Mwaka 1932, katika shule ya marekebisho ya wasichana huko Hudson, jimbo la New York nchini Marekani, wasichana 14 walitoroka ndani ya majuma mawili. Daktari wa magonjwa ya akili, Jacob Moreno, akishirikiana na Helen Jennings, alichora nani alikuwa rafiki wa nani, akaonyesha kwamba wazo la kutoroka lilienea kwa kufuata mnyororo wa urafiki kuliko tabia ya msichana mmoja mmoja, na kwamba wasichana wenyewe hawakuwa wakiuona mnyororo huo wote. Hali ya watoto wetu inafanana na hiyo kwa namna ya kuumiza: kila mtoto anajua kipande chake tu cha njia, na hata wale wanaomsafirisha mara nyingi hawajui zaidi ya mkono uliowatangulia na mkono unaowafuata.

Kabla ya kuchora chochote

Ikiwa kuna mtoto aliye hatarini leo, mchoro usubiri. Hapa Tanzania, piga simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, ambayo haina malipo, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na umjulishe ofisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri. Nimewahi kuona watu wenye nia njema wakimwacha mtoto kambini kwa siku nne zaidi ili "mtandao wote ujulikane". Hakuna ramani yenye thamani ya usiku hata mmoja wa mtoto katika mahali pa namna hiyo, na ye yote anayefikiri kinyume asipewe kazi hii.

Hatua ya 1: Weka swali na mipaka yake

Mtandao hauna mwisho. Kila mtu anamjua mtu, na usipoweka mipaka utajikuta umechora nusu ya mkoa wa Mwanza bila kujua unatafuta nini. Swali kama "usafirishaji wa watoto ukoje ziwani" halichoreki. Swali linalochoreka ni kama hili: watoto waliokutwa katika mialo mitatu ya kisiwa hiki kati ya Januari na Juni walipita mikononi mwa nani tangu walipotoka nyumbani? Swali hilo lina mahali, lina muda, na lina mwanzo na mwisho wa njia.

Amua pia mapema nani anahesabiwa kuwa mtoto aliyesafirishwa. Kwa Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000, kumchukua, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea mtu aliye chini ya miaka 18 kwa lengo la kumnyonya kunatosha kuwa usafirishaji haramu, hata kama hakukuwa na vitisho wala udanganyifu. Sheria yetu ya mwaka 2008 ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu inaongeza jambo ambalo kila mjumbe wa kamati anapaswa kulishika moyoni: ridhaa ya mtoto, ya mzazi au ya mlezi si utetezi. Kauli ya "mama yake alikubali", inayosikika kila siku mialoni, haifuti kosa. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi hatarishi kwa watoto, na inazitaja kazi za migodini, za kubeba mizigo mizito na za baa na mahali pa starehe miongoni mwake.

Wapo watoto wanaosafiri kwa mjomba kusoma, nao wanasoma kweli. Hao wasiingizwe katika jedwali kwa sababu tu walipanda basi lilelile.

Hatua ya 2: Idhini na ulinzi wa taarifa

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto, taarifa za makosa ya jinai na miamala ya fedha ya mtu kuwa taarifa nyeti. Kwa hiyo kazi hii haifanywi na mtu binafsi mwenye kompyuta na hamasa. Inafanywa chini ya ofisi yenye mamlaka, kwa makubaliano ya maandishi kati ya shirika na halmashauri au polisi, yanayoeleza nani anaona nini, taarifa zinatunzwa wapi na zitafutwa lini. Taasisi inayokusanya taarifa inapaswa kuwa imesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Majina halisi yakae katika daftari moja tu, lililofungiwa kabatini, pamoja na alama za siri. Mahali pengine pote, iwe kwenye kompyuta, kwenye mchoro au kwenye mazungumzo, ziandikwe alama peke yake. Nasisitiza hili kwa sababu ya kosa lililotokea katika kikao nilichokisimamia miaka ya nyuma. Tulichora kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila, tukiwa na majina kamili, tukaenda kula. Tuliporudi tulimkuta mgeni wa ofisi hiyo, aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa, amesimama mbele ya karatasi akisoma kwa sauti ya chini jina la jirani yake. Ilitubidi kumhamisha mtoto mmoja siku ileile. Fikiria pia nini kingetokea kama jina la mtu asiye na hatia lingefika mtaani kabla ya polisi: wananchi wenye hasira hawasubiri uchambuzi.

Hatua ya 3: Kusanya safari, usikusanye majina

Hapa ndipo kazi inapopatia au inapoharibika. Mahojiano na mtoto yafanywe mara moja, na ofisa aliyefunzwa, katika lugha anayoifahamu mtoto vizuri, iwe Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kiha au nyingine. Mchambuzi asimhoji mtoto. Kazi yake ni kumpa ofisa orodha fupi ya maswali, kisha kusubiri.

Maswali yafuate mwendo wa safari: Siku ile nyumbani ulikuwa na nani? Nani alikuja? Mlipanda nini? Nani alilipa nauli? Mlilala wapi, na nani alikupa chakula? Ulimsikia nani akizungumza kwa simu, na alisema nini? Mtumbwi ulikuwa na rangi gani, na uliandikwa nini ubavuni? Mlipofika, nani alisimama kukupokea? Ulikuwa umeambiwa utafanya kazi gani? Mtoto ambaye hawezi kujibu swali la "nani alikuleta" kwa hofu au kwa kutojua, mara nyingi anaweza kueleza safari yake kituo kwa kituo, kwa sababu safari ile ilikuwa ya kwanza maishani mwake na kila kitu kilikuwa kigeni machoni pake.

Tarehe ni tatizo kubwa, kwa maana mtoto hakumbuki tarehe. Lakini ziwa lina kalenda yake. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapong'aa hupumzika, kwa kuwa dagaa hawakusanyiki vizuri kwenye taa. Mtoto anayesema "tulifika wavuvi hawaendi ziwani, mwezi ulikuwa mkubwa" amekupa takriban juma moja kati ya manne, na ukijua kwamba mwezi hukamilisha mzunguko wake kwa siku 29 na nusu hivi, unaweza kurudi nyuma kwenye kalenda na kupata siku chache ambazo safari hiyo iliwezekana. Ukiongeza "mahindi nyumbani yalikuwa yanavunwa", umeshapata mwezi wa mwaka. Sijui chombo kingine cha kupima tarehe kinachofaa visiwani kuliko hiki.

Ulizeni pia, na hili husahaulika, habari ya kazi ilifika nyumbani kwa njia gani. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba habari za kazi humfikia mtu zaidi kupitia watu anaofahamiana nao kwa mbali kuliko kupitia marafiki wa karibu, kwa sababu wa karibu wanajua yale anayoyajua yeye. Kijijini ndivyo ilivyo: aliyemchukua mtoto anaweza kuwa mmoja, na aliyeleta habari ya kwamba mjini kunatafutwa msichana wa kazi akawa mwingine kabisa, pengine shemeji wa jirani aliyekuja msibani. Hao ni nukta mbili tofauti.

Vyanzo vingine ni rejista za ustawi wa jamii, majalada ya Dawati, kumbukumbu za nyumba salama, na orodha za mitumbwi na wamiliki zinazotunzwa na vikundi vya usimamizi wa mialo, vinavyojulikana kwa kifupi kama BMU. Kumbukumbu za simu na miamala ya fedha ni za polisi peke yao, kwa utaratibu wa kisheria. Usimwombe wakala akufungulie daftari lake. Utakuwa umevunja sheria, na umemtahadharisha mtu ambaye hujui anafahamiana na nani.

Hatua ya 4: Safisha majina

Huku kwetu jina moja hubeba watu wengi na mtu mmoja hubeba majina mengi. Mwenye mitumbwi huitwa "tajiri" na kila kijana wa kambi, hivyo watoto watano wanaomtaja tajiri huenda wanataja watu watano. Kulwa na Doto ni majina ya mapacha, na katika kata moja ya Usukumani unaweza kuwapata akina Doto kadhaa wa rika moja. Kwa upande mwingine, mtu anayeitwa Baba Neema mwaloni, Mjomba kijijini na kwa jina la utani stendi anaweza kuwa mmoja. Ukiwaunganisha Doto wawili kuwa mmoja, umemzulia mtu wa kati ambaye hayupo. Ukimgawa Baba Neema mara tatu, umemficha aliyepo.

Kanuni ninayoifuata ni kutowaunganisha watu wawili mpaka vitu vitatu vilingane: mahali, kipindi, na alama ya mwili au ya kazi. Visipotimia, waache wakiwa nukta mbili, na uandike pembeni kwamba huenda ni mmoja.

Majina ya undugu yachukuliwe kwa uangalifu. Mtoto aliyefundishwa kumwita mwanamke "mama mdogo" ndani ya basi ataendelea kumwita hivyo hata mbele ya ofisa, na neno hilo si ushahidi wa undugu.

Hatua ya 5: Majedwali mawili

Jedwali la kwanza ni la nukta: alama, aina (mtoto, mtu mzima, mahali, chombo), na eneo kwa ujumla. La pili ni la viungo, na ndilo moyo wa kazi. Kila mstari wake uwe na safu sita: kutoka kwa nani, kwenda kwa nani, aina ya kiungo, kipindi, chanzo, na kiwango cha uhakika. Mfano wa mstari mmoja: K1, P, alimkabidhi mtoto, kati ya tarehe 3 na 10 Mei, watoto M4 na M6, uhakika wa 3. Mimi hutoa 3 kwa jambo lililothibitishwa na hati au na watu wawili wasiojuana, 2 kwa lililosemwa na mmoja aliyeliona kwa macho, na 1 kwa lililosikika tu.

Usichanganye viungo vya matendo na viungo vya kufahamiana. Mpiga debe wa stendi ya mabasi ya Nyegezi au Nyamhongolo, hapa Mwanza, anafahamika kwa kila dereva, kila muuza maji na kila abiria wa mara kwa mara. Ukiandika "wanafahamiana" kuwa kiungo sawa na "alimtumia fedha", mpiga debe atakuwa mtu mkubwa kuliko wote katika mchoro wako, ilhali kosa lake ni kufanya kazi mahali wanapopita watu wengi.

Tengeneza pia jedwali la watoto na mahali, kwa sababu mara nyingi mtu muhimu hana jina. Watoto wanne wanaweza kutojuana, wasijue jina la mwenye nyumba, lakini wote wakataja chumba chenye pazia la kijani karibu na kisima, na mwanamke aliyewapa uji asubuhi. Kiungo kinachowaunganisha watoto hao ni chumba.

Hatua ya 6: Chora

Anza kwa mkono, kwa alama za siri, hata kama una kompyuta. Mtandao wa nukta chini ya 30 unaingia kwenye karatasi moja, na mkono unapochora, akili huuliza maswali. Ukizidi hapo, programu ya Gephi inapatikana bure na hufanya kazi bila intaneti, jambo ambalo ni faida ya usalama vilevile. Taarifa za watoto zisipakiwe kwenye programu yoyote inayozituma mtandaoni.

Hatua ya 7: Pima nafasi za watu

Nitatumia mfano nilioubuni kwa mafunzo. Kuna watu tisa. Wanne ni wa kijijini, K1 hadi K4, ndugu na majirani ambao kila mmoja ana kiungo na mwenzake. Wanne ni wa visiwani, V1 hadi V4, nahodha mmoja na matajiri watatu wanaoazimana nyavu na injini, nao kila mmoja ana kiungo na mwenzake. Kati yao yupo P, anayepangisha chumba mjini. P ana viungo viwili tu: K1 wa kijijini, na V1 ambaye ndiye nahodha.

Kipimo cha kwanza ni idadi ya viungo. K1 na V1 wana viungo 4 kila mmoja, wengine sita wana 3 kila mmoja, na P ana 2. Kwa kipimo hiki P ndiye mdogo kuliko wote.

Kipimo cha pili, kilichowekwa katika hesabu na Linton Freeman mwaka 1977, huuliza: katika njia fupi zaidi kati ya kila watu wawili, mtu huyu anapitiwa mara ngapi? Ukimwondoa P, watu wanane waliobaki hufanya jozi 28. Jozi 12 zinaungana moja kwa moja, kwa kuwa ni watu wa upande mmoja. Jozi 16 zilizobaki, za mtu wa kijijini na mtu wa kisiwani, zote hupita kwa P. Kwa hiyo P anapata 16. K1 anapata 15, kwa sababu wenzake watatu wanamhitaji yeye kuwafikia P na wale wanne wa visiwani, na 3 mara 5 ni 15. V1 anapata 15 vilevile. Wengine wote wanapata sifuri.

Angalia maana yake. Ukimkamata V3, tajiri ambaye mtoto alimtaja, mtandao hautikisiki, kwa kuwa yeye ni mmoja kati ya wengi wanaopokea. Ukimkamata K4, watatu waliobaki wanaendelea. Nafasi ya P ikizibwa, kijiji na visiwa havina njia tena ya kufikiana. Na P ndiye ambaye hakuna mtoto anayemtaja jina, hana fedha za kuonekana, na pengine hajawahi kukanyaga kisiwani.

Lakini kiungo si kosa, na namba 16 si hukumu. Mtumbwi wa visiwani huondoka kwa saa zake, basi huchelewa, na wasafiri wengi halali hulala mjini usiku mmoja. P anaweza kuwa mhusika mkuu, na anaweza kuwa mama anayepangisha chumba kwa shilingi chache bila kujua wageni wake ni nani. Kipimo kinaonyesha mahali pa kuangalia kwanza. Akiwa hajui, basi yeye ndiye shahidi bora kuliko wote, na baada ya kuelimishwa anaweza kuwa mlinzi katika sehemu ileile ambayo njia haiwezi kuikwepa.

Hatua ya 8: Jaribu kuivunja ramani yako

Malcolm Sparrow, alipoandika mwaka 1991 kuhusu kuchambua mitandao ya wahalifu, alitaja matatizo matatu ambayo hayaepukiki: taarifa hazikamiliki kamwe, mipaka ya nani yumo na nani hayumo haieleweki vizuri, na mtandao unabadilika ukiwa unautazama. Kwa hiyo kila matokeo yajaribiwe kabla ya kuaminiwa.

Rudi kwenye mfano wetu. Tuseme tulikosa kiungo kimoja, na K2 naye anafahamiana na P. Ongeza mstari huo na upige hesabu upya. Sasa K3 na K4 wana njia mbili zenye urefu sawa, moja kupitia K1 na nyingine kupitia K2, na hivyo K1 anaanguka kutoka 15 hadi 5, huku K2 akipanda kutoka sifuri hadi 5. P anabaki na 16 yake. Jaribio hili dogo linatuambia kwamba tulichosema kuhusu P kina mizizi, na tulichosema kuhusu K1 kilisimama juu ya kukosekana kwa mstari mmoja. Fanya hivyo kwa kila mtu unayetaka kumtaja katika taarifa: ondoa viungo vyote vya uhakika wa 1, ongeza viungo vinavyoshukiwa, na utazame nani anabaki mahali pake.

Jiulize pia ulikuwa umesimama wapi ulipokusanya. Watoto wanaopatikana ni wale wanaoonekana: wanaoanika dagaa mchangani, wanaovuta kokoro (wavu wa kukokota ufukweni), wanaobeba ndoo mwaloni. Msichana aliyefungiwa jikoni katika nyumba yenye geti haonekani, na ramani iliyojengwa kwa watoto wa mialo itasema kwamba njia zote zinaelekea ziwani. Ndiyo maana mashirika kama Wotesawa la hapa Mwanza, linalofanya kazi na watoto wafanyakazi wa nyumbani, yanahitajika mezani tangu mwanzo.

Hatua ya 9: Kabidhi kazi kwa wenye mamlaka, na utarajie njia kuhama

Andaa taarifa mbili. Ya polisi na ofisa ustawi wa jamii iwe na mchoro, majedwali na viwango vya uhakika, na daftari la majina likabidhiwe kwa mkono kwa kutiwa saini. Ya kamati ya kata na ya viongozi wa mialo iwe na mahali na mwenendo tu: watoto hupitia sehemu fulani, siku za namna fulani, kwa usafiri wa aina fulani. Kiongozi wa mwalo anahitaji kujua kwamba mtoto asipandishwe mtumbwini bila mtu mzima anayejulikana. Hahitaji kujua K1 ni nani.

Njia ikizibwa sehemu moja hutafuta nyingine, na wakati mwingine hubadilika bila sisi kufanya lolote. Mfano ulio wazi ni Kigongo na Busisi, pande mbili za Ghuba ya Mwanza. Kwa miaka mingi magari yote ya upande ule yalisimama kusubiri kivuko, abiria wakashuka, na aliyekuwa na macho aliweza kumwona mtoto anayesafiri na watu asiowajua. Tangu Daraja la J. P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, basi hupita kwa dakika chache bila kusimama. Ni neema kubwa kwa wagonjwa na wafanyabiashara, lakini ramani yoyote iliyomweka mlinzi wa watoto kwenye foleni ya kivuko inabidi ichorwe upya, na mlinzi huyo ahamishiwe stendi.

Ichoreni upya ramani kila baada ya miezi mitatu. Idadi ya waliokamatwa isiwe kipimo chenu cha pekee. Tazameni kama watoto wapya wanapungua mialoni, kama safari zao zimekuwa ndefu na zenye mikono mingi zaidi, na kama zile pande mbili, kijiji na visiwa, bado zinafikiana.

Hatua ya 10: Mtoto anarudi wapi

Katika jedwali la nukta, ongeza safu moja kwa watoto pekee: yuko wapi leo. Kisha rudi kwenye mfano wetu na uangalie upande wa kijijini. Mtoto aliyetolewa kijijini kwa K1 anaporudishwa nyumbani, anarudishwa katikati ya K1, K2, K3 na K4, watu wanaojuana wote, pengine ndugu zake wa damu. Hapo ndipo watoto wanapochukuliwa mara ya pili.

Kwa hiyo kabla ya nauli ya kurudi kulipwa, chorwe mtandao mwingine mdogo, wa mtoto mmoja tu: nani kijijini anampenda, nani humsikiliza, nani atagundua ndani ya siku mbili kwamba hayupo. Pengine ni bibi, mwalimu wa darasa au mama wa jirani. Mmoja wao, asiye na kiungo chochote na wale wanne, apewe namba ya simu ya ofisa ustawi wa jamii, na tarehe za kumtembelea mtoto, baada ya mwezi mmoja, mitatu na sita, ziandikwe katika safu ileile siku anapopanda gari.